Pikapu Ikivuja Petroli: Sabuni Ndiyo, Moto Hapana

Siku moja ya mvua za kwanza pikapu ya kizamani, ya mfanyabiashara anayeleta vitunguu sokoni, ilisimama karibu na darasa letu. Chini yake petroli, au esansi kama wengi tulivyozoea kuiita kule nyumbani, ilikuwa inadondoka tone tone. Dereva hajashuka vizuri, watoto wawili wa darasa la tatu wameshafika na chupa kukinga. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, ni ya koroboi ya mama."

Nilizichukua chupa zote mbili. Koroboi ni ya mafuta ya taa. Petroli inatoa mvuke hata wakati wa baridi, na ukiitia kwenye koroboi, hata ukiichanganya kidogo tu, inaweza kulipuka mkononi. Tena mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, unaingia kwenye mitaro, unafika kwenye jiko la mtu ambaye hata gari lenyewe hajaliona. Wenzetu wa upande wa Uvira wanakumbuka Sange, tarehe 2 Julai 2010. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukawaka. Walikufa zaidi ya watu 200, na watoto wengi walikuwemo.

Basi tukamwambia dereva azime gari asiliwashe tena. Wanaume waliokuwa njiani walilisukuma mpaka uwanjani, mbali na majiko, na pale lilipovuja tukamwaga mchanga. Dereva alifungua waya wa betri.

Tundu lilikuwa dogo kama ncha ya sindano, pale mkanda wa chuma unaposhika tangi. Magari ya zamani huoza hapo, kwa sababu tope na maji hukaa chini ya mkanda na kutu inakula polepole. Dereva alitaka kubandika bazoka aliyokuwa anaitafuna! Petroli inailainisha, haikai.

Mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi akaomba sabuni ya mche. Mama mmoja akatoa nusu ya kipande chake cha mgao. Mzee alipangusa tangi kwa kitambaa, hakukwangua kutu, maana ukikwangua tundu linapanuka na chuma kwa chuma kinaweza kutoa cheche. Alisugua sabuni kwa nguvu mpaka ikajaa ndani ya tundu. Matone yakakatika. Petroli haiyeyushi sabuni, ila maji yanaiyeyusha, kwa hiyo mvua ikinyesha njiani kazi ni bure. Hiyo ni dawa ya kukufikisha kwa fundi tu.

Hapo dereva akasema, "Mafuta yenyewe karibu yaishe. Nikifika nachomelea hivyo hivyo, tangi tupu halina hatari."

Mzee alimshika mkono. "Kijana, hilo tupu ndilo linaloua." Alituelezea vizuri: petroli yenyewe bila hewa haiwaki, lakini tangi lililomwagwa linabaki na mvuke uliochanganyika na hewa, na cheche moja inatosha kulipasua. Lazima tangi lishushwe, limwagwe lote, lioshwe kwa maji ya moto na sabuni mara nyingi, halafu lijazwe maji, ibaki nafasi ndogo tu pale panapochomelewa. Hata hivyo yeye mwenyewe alikuwa anakataa kazi hiyo. Alikuwa anasafisha chuma mpaka king'ae, anapaka gundi ya chuma ya kuchanganya, ile isiyoliwa na petroli, na anaiacha siku nzima ikauke. Tangi likioza sana, alimwambia mwenye gari atafute jingine.

Dereva alimlipa yule mama kwa vitunguu. Petroli ya kwenye chupa aliirudisha kwenye tangi. Mtoto alidai chupa yake, nikakataa, kwa sababu ingerudi kuwekwa maji ya kunywa. Jioni mama yake alikuja kuniuliza, amebeba koroboi mkononi, tukainusa wote wawili.