Usione Kabati Lang'aa, Limetiwa Jasho

Ndugu msomaji, mfanyakazi anapoagiza kabati la nguo au la vyombo, aghalabu huwa amejinyima kwa miezi mingi. Amekwisha kuchagua mbao na kupatana bei na seremala, na kwake kazi iliyosalia, yaani kutia rangi na vanishi, ni jambo dogo la siku moja. Kumbe ni katika hatua hiyo ya mwisho ndipo kabati zuri huharibika, na ndipo mnunuzi asiye na habari hudanganyika.

Tembelea Keko, jijini Dar es Salaam, uone makabati yaliyopangwa kando ya barabara yakiwa na wekundu wa mninga. Lakini si kila chekundu ni mninga. Mbao za paini, zinazopandwa kwa wingi katika msitu wa Sao Hill wilayani Mufindi, ni nyeupe na nyepesi, na zikitiwa rangi kwa ustadi huweza kufananishwa na mbao ngumu. Kufanya hivyo si kosa, kwani paini iliyokaushwa vyema hufaa kwa kabati. Kosa ni kuiuza kwa bei ya mninga. Basi lione kabati lako kabla halijatiwa rangi. Ukichelewa, chomoa droo uchungulie nyuma yake na chini ya rafu, mahali ambapo rangi haikufika.

Je, rangi hiyo hufanyaje kazi? Rangi ya kawaida ya ukutani hukaa juu na kufunika. Rangi ya mbao tunayoizungumzia huyeyuka kabisa katika maji au spiriti, ikanywewa na nyuzi za mbao, na michirizi yake ya asili ikabaki kuonekana. Kwa sababu hiyo haifichi aibu, bali huitangaza. Mkwaruzo wa msasa uliopigwa kinyume cha nyuzi hunywa rangi nyingi na kuwa mstari mweusi. Tone la gundi lisilofutwa huikataa rangi na kuacha baka jeupe. Ndiyo maana fundi mwangalifu huanza na msasa namba 120, akaenda 180, akamaliza na 220, huku akifuata nyuzi daima.

Rangi ya maji husimamisha nyuzi, mbao ikawa na manyoya. Dawa yake ni kuilowesha mbao kwanza kwa maji matupu, kuiacha ikauke, kisha kuipitishia msasa kidogo kabla ya rangi. Rangi ya spiriti haina adha hiyo, lakini hukauka upesi mno, na brashi ikirudi mara ya pili huacha alama. Nayo paini hunywa rangi bila usawa, hivyo hupewa kwanza sila nyepesi ili itulize kiu yake. Tena, rangi ikikauka hupauka, na uzuri wake hurudi vanishi inapopita juu. Mwombe fundi akuonyeshe kipande cha mbao ile ile, chenye rangi na vanishi pia, ndipo ukubali.

Baada ya rangi hupakwa sila, ikapigwa msasa laini na kufutwa vumbi. Hapo ndipo mashine ya kupulizia inapoingia. Fundi hushika mdomo wake kiasi cha sentimita 20 kutoka kwenye mbao na kuupitisha sambamba, kila mpito ukifunika nusu ya ule uliotangulia. Akisogea karibu mno, vanishi hutiririka. Akikaa mbali mno, matone hukauka hewani na kabati huparuza kama mchanga. Tabaka nyembamba kadhaa hushinda moja nene.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, nao ni unyevu. Thina inaporuka hupooza uso wa mbao, na wakati wa masika mvuke wa hewani huganda hapo, vanishi ya laka ikageuka nyeupe kama iliyomwagiwa maziwa. Fundi akikuambia kwamba leo mvua imenyesha, hapulizii, usimwite mvivu. Anailinda fedha yako.

Lakini, ndugu msomaji, kuna kitu cha thamani kupita kabati. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichapisha hukumu yake kwamba vumbi la mbao husababisha saratani kwa binadamu, hususan ya pua. Vanishi za kuchanganya na kigumushi, zile ambazo huwa na isosianati, zinaweza kumletea mpuliziaji pumu isiyomwacha. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii mvuke huo. Inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mrija, na mahali penye hewa inayopita. Aidha, mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, na jiko la mkaa la mama lishe lililo jirani laweza kuuwasha. Watoto wasichezee hapo kamwe.

Vifaa hivyo vina gharama. Mnunuzi anayepunguza bei hadi mwisho, kisha akadai kabati kesho asubuhi, humlazimisha fundi kuacha msasa mmoja, kupulizia kwenye unyevu, na kuvuta sumu bila kinga. Hasara yake humrudia mwenyewe vanishi inapobanduka, na humwangukia fundi mapafu yanapochoka.

Kabati likifika nyumbani, acha milango wazi siku kadhaa, harufu iishe kabla ya kuweka nguo za mtoto. Usiliweke penye jua la dirishani, kwani rangi hizi hupauka. Na jirani akilisifu, mweleze pia siku ulizosubiri. Haraka haraka haina baraka.