Je, Wajua? Jinzi ya mtaani ilianzia kwa fundi cherehani
Jinzi, vazi mama la mitindo ya mtaani, ina deni kwa fundi cherehani: Jacob Davis wa Reno, Marekani, aligongelea ribiti za shaba kwenye pembe za mifuko ya suruali isichanike, akapata hataza pamoja na Levi Strauss mwaka 1873. Basi fundi wa Zuzu, Dodoma, akigeuza suruali ya jinzi ya mtumba kuwa jaketi la mtoto, haigi wageni. Anaendeleza fani yake. Na jaketi hilo lina kazi: uwanda wa Dodoma, ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hupigwa na upepo wa baridi Juni na Julai. Utasema mtoto hukua haraka, ni hasara. Ndiyo maana fundi makini huacha pindo pana mikononi: mwakani hufumuliwa, jaketi likarefuka.