Chembe Ndogo na Mizani ya Haki

Msimu wa pamba unapofika Igunga, mizani ndiyo huamua malipo ya jasho la mkulima. Ndiyo maana Surat al-Mutaffifin inafunguka kwa onyo kali kwa wanaopunja vipimo. Lakini ni uzito mdogo kiasi gani unaoweza kupimika?

Tujaribu nyumbani pamoja na watoto. Tufunge kamba baina ya miti miwili, isikazwe sana, kisha tuning'inize humo mawe mawili kwa nyuzi zenye urefu sawa. Tukilisukuma moja, baada ya muda litatulia na jingine litabembea. Kisha mwendo utarejea ulikoanzia. Sasa tufupishe uzi mmoja. Mawe hayapeani tena mwendo wote: sehemu kubwa hubakia kwa lile lililosukumwa.

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliitumia kanuni hii kwa vijiti viwili vidogo mno vilivyounganishwa. Chembe ikitua juu ya kimoja, usawa huvunjika na mtikisiko huelemea upande mmoja. Mgawanyo huo huidhihirisha chembe waziwazi zaidi kuliko kupima kasi ya mtikisiko peke yake.

Ikiwa mwanadamu amejaaliwa kuitambua chembe kwa vijiti viwili, itakuwaje mbele ya Mizani ya Siku ya Kiyama, ambako hata uzito wa chembe hautaachwa? Basi kilo moja ya pamba ya jirani yetu tusiione ndogo.