Gololi Haijui Bamvua

“Nyeusi imejaa vya kutosha, yakhe. Sasa sharti ipwe.”

Aliyesema hivyo ni mvuvi wa Gazi, rafiki yangu tangu tukisoma chuoni kwa maalim. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya ruleti katika hoteli moja ya Diani, mkononi ana chipu tano za shilingi mia mia. Kibao cha taa juu ya meza kilionyesha nambari zilizokwisha toka, na nane za mwisho zilikuwa nyeusi tupu. Akaziweka zote tano kwenye nyekundu. Gololi ikazunguka, ikarukaruka kama dagaa mtumbwini, ikatulia kwenye 17. Nyeusi ya tisa.

Tulikuwa watano. Mmoja wetu alikuwa amemaliza kulipa mkopo wa tuktuk yake na alitaka tusherehekee. Sherehe zetu Gazi huishia barazani kwa kahawa na kashata, kwa hivyo akasema safari hii twende Diani tukaone kasino, mahali ambapo tumepita nje yake miaka nenda miaka rudi bila kujua ndani kuna nini. Tukapanda matatu inayotoka Msambweni hadi Ukunda, kisha tuktuk ya mtu mwingine hadi ufuoni. Masharti yalikuwa mawili. Kila mtu ana elfu mbili taslimu, basi. Na simu zote abaki nazo mwenzetu wa tano, mtu wa msikitini, aliyekubali safari lakini mlango wa kasino hakuuvuka. Kamari imetajwa pamoja na ulevi katika Sura Al-Maida, alitukumbusha, naye angetungoja ufuoni na dafu lake. Sikuwa na la kubishana naye. Mimi niliingia na daftari, kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha hesabu, na kwa miaka nimewasomesha watoto wa watu uwezekano kwa dadu na sarafu bila kuwahi kuiona meza yenyewe.

Sasa turudi kwa mvuvi, maana kosa lake ni la thamani.

Mvuvi huyu si mjinga. Kilichomponza ni ujuzi wake. Ghuba ya Gazi humfundisha mtu tangu mdogo kwamba kilichozidi upande mmoja hurudi upande wa pili. Maji hujaa na kupwa mara mbili kutwa kucha. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji yanaingia hadi ndani kabisa ya mikoko, kisha yanakupwa mpaka mwamba unabaki wazi na watu wanatoka na vijiti kutafuta pweza. Wiki moja baadaye ni maji mafu. Kusi ivume itakavyovuma, kaskazi itafika. Aliyekulia hapo ana haki ya kuamini kwamba dunia huweka madeni na huyalipa. Na baharini ni kweli, kwa sababu maji yana kinachoyavuta. Mwezi na jua vilipo leo ndipo panapoamua vitakuwa wapi kesho.

Gololi haina mwezi. Inapotupwa mara ya kumi haijui kwamba kulikuwa na ya tisa. Gurudumu la ruleti ya Kizungu lina vijishimo 37: vyekundu 18, vyeusi 18, na kimoja cha kijani chenye sufuri. Uwezekano wa nyekundu ni 18 kwa 37, yaani asilimia 48.6, hata kama nyeusi imetoka mara moja, mara nane au usiku kucha. Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo. Inasimuliwa mpaka leo jinsi watu walivyozidi kujazana upande wa nyekundu kila nyeusi ilipotoka tena, kila mmoja akiamini zamu imefika, na pesa zao zikabaki mezani. Uwezekano wa jambo hilo, ukilihesabu kabla halijaanza, ni kama mara 1 kwa milioni 137. Lakini waliosimama pale baada ya nyeusi ya 25 hawakuwa wakiingoja miujiza ya milioni 137. Walikuwa wakingoja gololi moja tu, ya asilimia 48.6 kama zote.

Nane mfululizo, zile zilizomshawishi mvuvi, hata si ajabu. Meza inayozungusha mara 40 kwa saa kwa saa kumi itatupa gololi mara 400, na katika idadi hiyo utarajie rangi moja au nyingine kutoka mara nane au zaidi kwa mfululizo kama mara moja kila usiku. Kile kibao cha taa ndicho kinachokufanya uone. Na hebu fikiri: kasino inakionyesha bure, kimewashwa usiku kucha, ukitaka unakili. Kama nambari zilizopita zingekuwa na siri yoyote ndani yake, kibao kile kingekuwa kimefungiwa kwenye sefu.

Hapa ndipo hata waliosoma huteleza. Wameshasikia kwamba mambo ya bahati yakirudiwa mara nyingi hukaribia wastani, na wamesikia sawa. Jacob Bernoulli aliithibitisha kanuni hiyo katika kitabu kilichochapwa 1713, miaka mia mbili kamili kabla ya ule usiku wa Monte Carlo. Sisi wa Gazi tunaila. Mradi wa Mikoko Pamoja, ambao kupitia kwake tangu 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vimekuwa vikiuza hewa ya kaboni kutokana na hekta 117 za mikoko, hauhesabu kila mkoko na kila mkandaa. Hupimwa miti ya viwanja vichache vilivyochaguliwa, na kwa kuwa vipimo ni vingi vya kutosha, wastani wake unaaminika kiasi cha mnunuzi wa ng’ambo kutoa pesa.

Sasa mtu anasema: ikiwa nyekundu na nyeusi zitakuja kulingana mwishoni, si lazima nyekundu itoke zaidi ili izifikie zile nane? La. Chukua nyeusi nane zilizotangulia, kisha zungusha mara 1,000 nyingine. Kwa wastani utapata nyekundu 486, nyeusi 486 na sufuri 27 hivi. Nyeusi bado iko mbele kwa nane: asilimia 49 dhidi ya 48.2. Endelea mara 100,000 na tofauti hiyo haionekani tena kwa macho, lakini zile nane bado zipo. Hakuna aliyezilipa. Zimezamishwa tu, kama chumvi kiganjani ukiimwaga ghubani. Bahari hulipa deni. Hesabu ya bahati hulizamisha. Mvuvi alikuwa akingoja kulipwa.

Kuhusu ile sufuri ya kijani sitakaa sana, maana ni rahisi. Ukiweka mia kwenye nyekundu mara 37, kwa wastani utashinda mara 18 na kushindwa mara 19. Umetoa 3,700, umerudishiwa 3,600. Ukiipenda nambari moja, tuseme 7, ikitoka utalipwa 35 kwa 1 na mia yako juu yake, na hesabu ni ileile: 3,700 kwenda, 3,600 kurudi. Kasino haikuibii. Inakulipa tu kana kwamba sufuri haipo. Asilimia 2.7 ndiyo mshahara wa mchezeshaji, kodi, taa na yule bawabu aliyetuangalia viatu. Kwenye magurudumu ya Kimarekani yenye sufuri mbili ni asilimia 5.26, karibu maradufu, na mtu anayelikalia gurudumu la aina hiyo wakati la Kizungu liko jirani anastahili anachopata.

Lakini asilimia 2.7 ya nini? Wengi hudhani ni ya zile elfu mbili walizokuja nazo. Siyo. Ni ya kila shilingi inayopita mezani, hata ileile ikipita mara kumi. Gari la Likoni hulipa feri kila linapovuka. Likivuka mara kumi hulipa mara kumi, hata kama ni gari moja. Ukiweka mia kila gololi, mara 40 kwa saa, umevusha 4,000, na ushuru wake ni shilingi 108 hivi. Nitasema ukweli hata kama shekhe atanitazama vibaya: kwa kiti cha sponji, kipupwe na muziki, 108 kwa saa si bei mbaya.

Mashine za kubonyeza ni habari nyingine. Hapo mwenzetu mwenye duka alijiketisha, akasema yeye hataki makubwa, atacheza za ishirini ishirini. Mashine haina mchezeshaji wa kukusanya chipu wala gololi ya kungoja itulie. Mtu aliyezoea hubonyeza mara 600 kwa saa. Tuseme inarudisha asilimia 92: amevusha 12,000 na ushuru ni 960. Mia kwa mia mezani ni 108, ishirini kwa ishirini mashineni ni 960. Na yale matunda unayoyaona yakizunguka siyo yanayoamua. Tangu hataza ya Inge Telnaes ya 1984, kompyuta ndani huchagua nambari kwanza, kisha huonyesha picha inayolingana nayo, na inaweza kupangwa ili picha ya zawadi kubwa ionekane mara nyingi ikikosea kidogo tu, juu au chini ya mstari. Umekosa padogo, unajiambia. Hukukosa padogo. Ulikosa.

Mwenye tuktuk alikuja na mbinu aliyofundishwa barabarani. Weka mia, ukishindwa weka mia mbili, kisha mia nne, kisha mia nane. Siku utakayoshinda utarudisha zote na mia juu. Nilimwona akivuna mia, tena mia, mara sita, akinikonyeza kila mara. Kisha zikaja nyeusi nne mfululizo. Mia, mbili, nne, nane: 1,500 zimekwenda, na hatua ya tano inataka 1,600 naye amebaki na 1,100. Uwezekano wa kushindwa mara nne mfululizo ni karibu mara 1 kwa 14. Mara 13 unachuma mia, jumla 1,300. Ya 14 inachukua 1,500. Angekuwa na mfuko mnene wa kustahimili saba mfululizo, ajali ingekuja mara 1 kwa 106 na kumla 12,700. Mbinu haikuondoa hasara. Iliikusanya pamoja na kuiweka mahali asipoitazama.

Tukatoka saa tatu usiku, tukapewa simu zetu. Kufika Mwabungo, mwenye tuktuk tayari alikuwa anacheza kindege, ule mchezo wa Aviator, kwa zile alizookoa. Kindege kinatangazwa kurudisha asilimia 97, kwa hivyo hakitofautiani sana na ruleti. Tofauti ni kwamba hakina nauli, hakifungi, na raundi mbili tatu huisha kwa dakika. Sheria ya kamari ya 1966 iliandikwa wakati kasino ilikuwa jengo lenye mlango. Sheria mpya ya 2025 imelazimika kuitazama na simu.

Mvuvi aliketi kando yangu, kapoteza 1,400.

“Mwalimu, niambie kweli. Kama ningeziweka elfu mbili zote mara moja, pale mwanzo?”

Nilitamani asiulize. Mtu anayetaka kugeuza elfu mbili kuwa elfu nne kwa kudonoa mia mia ana uwezekano wa asilimia 25 tu wa kufika kabla hajafilisika. Anayeziweka zote kwenye nyekundu mara moja, kisha akaondoka, ana asilimia 48.6. Kila kuvuka ni ushuru. Aliyevuka mara moja amelipa mara moja.

“Kumbe mwenye pupa ana hesabu kuliko mwenye subira?”

“Kule ndani, naam.”

Akanyamaza hadi karibu na Gazi, kisha akasema kesho bamvua, maji yatakupwa saa nne na robo, na yatakuwa hivyo.

Jioni ya pili yake barazani msimulizi alikuwa mwenye duka. Mimi nilikuwa na daftari lenye hesabu zote: mvuvi chini 1,400, mwenye tuktuk chini 900 kabla ya kindege, na mwenye duka, katika ile mashine mbaya kuliko zote, juu 1,700. Hakuna aliyeniomba nisome. Vijana wawili walikuwa wamemkaribia mwenye duka, wakimuuliza ni mashine ya ngapi kutoka mlangoni.