Mbio za Kushindana na Saa

Baisikeli, au kinga kama wengi wetu tunavyoiita, si kitu kigeni katika nchi yetu. Yabeba ndizi na makaa kwenda sokoni, yampeleka mwalimu shuleni na mgonjwa zahanatini. Lakini ipo kazi nyingine ya baisikeli ambayo ni wachache kati ya wasomaji wetu walioiona kwa macho, nayo ni mbio za kushindana na saa. Dominika ya tarehe 21 Septemba 2025 mbio hizo zilifika karibu nasi, mjini Kigali, katika nchi jirani ya Rwanda. Ilikuwa mara ya kwanza mashindano ya ubingwa wa dunia wa baisikeli za barabarani kufanyika katika bara la Afrika. Leo twapenda kueleza jinsi mbio hizo zinavyoandaliwa na jinsi zinavyokimbiwa, maana mna fundisho ndani yake kwa kila mtu mwenye kazi ngumu mbele yake.

Peke yake barabarani

Katika mbio za kawaida waendeshaji huondoka kundi zima, na mjanja hujikinga na upepo nyuma ya mgongo wa mwenzake. Katika mbio za saa hakuna mgongo wa kujificha. Kila mmoja huondoka peke yake, akishuka kutoka jukwaa lenye mteremko, na mwingine humfuata baada ya muda uliowekwa. Akimfikia aliyemtangulia, hana ruhusa ya kukaa nyuma yake apumzike. Sharti ampite kwa kando na kuendelea. Mwisho wake huhesabiwa dakika na nukta za kila mmoja, naye mwenye muda mfupi kuliko wote ndiye bingwa. Ubingwa wa dunia wa namna hii hushindaniwa tangu mwaka 1994, ulipoanza katika kisiwa cha Sicily, nchini Italia.

Adui mkubwa wa mwendeshaji ni hewa. Kwa macho haionekani, lakini mwendo ukiongezeka mara mbili, hewa humzuia mara nne zaidi, na nguvu ya kuishinda yapasa kuwa mara nane. Ndiyo sababu baisikeli ya mbio hizi haifanani na ile ya sokoni. Gurudumu la nyuma mara nyingi limezibwa lote kama sahani, usukani una vishikio viwili vinavyochomoza mbele, kofia ni laini na ndefu, na nguo zambana mtu kama ngozi yake. Mwendeshaji huinama, mgongo ukalala na mikono ikanyooka mbele, ili upepo upite juu yake. Wazee wetu walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hapa yatimia sawasawa. Nako kuinama hivyo kwa saa nzima kwauma shingo na kiuno, wala hakuna awezaye bila kujizoeza miezi mingi.

Kugawanya nguvu

Mazoezi si ya miguu tu. Kabla ya siku yenyewe mwendeshaji huipita njia yote polepole, akiangalia kila kona na kila kilima: ni wapi atabana breki, ni wapi ataachia, ni meno gani ya gurudumu yatafaa mlimani. Siku ikifika, hupasha mwili moto kwa kukanyaga baisikeli iliyofungwa mahali pamoja, mpaka moyo uwe umekwisha kuamka. Kisha hubaki shauri lililo gumu kuliko yote, yaani kugawanya nguvu.

Yeyote aliyewahi kupandisha mkungu wa ndizi mlimani kwa kinga ajua jambo hili. Akikanyaga kwa fujo chini ya mlima, atashuka kabla ya kufika kileleni na kusukuma kwa mikono. Akijilegeza mno, atafika na nguvu tele ambazo hazina kazi tena. Bingwa ni yule anayemaliza nguvu zake mahali pale pale njia inapomalizikia. Katika dakika za kwanza miguu ni myepesi na watu wapiga kelele. Hapo ndipo wengi hupoteza mbio bila kujua.

Milima ya Kigali

Kigali ilizidisha ugumu huo. Mji umejengwa juu ya vilima, kwenye kimo cha meta 1,500 hivi juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi: humzuia mwendeshaji kidogo kuliko ile ya pwani, lakini pia hulipa pafu lake chakula kidogo. Aliyejitia pupa hapo hachelewi kukosa pumzi. Tena, karibu na mwisho, kilikuwapo kilima cha Kimihurura, barabara ya mawe yenye urefu wa kilometa 1.3, ambayo haikumsamehe mtu aliyekwisha kutapanya akiba yake.

Kwa upande wa wanawake, kilometa 31.2, mshindi alikuwa Marlen Reusser wa Uswisi, kwa dakika 43 na nukta 9. Habari zake zastahili kusimuliwa. Alisomea udaktari na kuifanya kazi hiyo kabla ya kujitoa wote kwa baisikeli. Katika mashindano ya dunia alipata nishani ya fedha mwaka 2020, fedha tena mwaka 2021, na shaba mwaka 2022. Dhahabu ilimpita kila mara. Mwaka 2023, huko Scotland, alisimama katikati ya njia na kuacha mbio, ingawa hakuanguka wala baisikeli haikuvunjika. Moyo ndio uliochoka. Mwaka 2024 ugonjwa uliofuata Covid ulimweka kando, hata akaikosa michezo ya Olimpiki ya Paris. Na Julai 2025 alijitoa katika mbio za wanawake za kuzunguka Ufaransa siku ya kwanza kabisa, kwa kuugua. Miezi miwili baadaye alipanda kilima cha mawe cha Kimihurura, akawa bingwa wa dunia akiwa na umri wa miaka 34. Wa pili alikuwa Anna van der Breggen wa Uholanzi, yule yule aliyemshinda mwaka 2020.

Alasiri ile ile wanaume walikimbia kilometa 40.6. Remco Evenepoel wa Ubelgiji alishinda kwa dakika 49 na nukta 46, mwendo wa karibu kilometa 49 kwa saa, akapata ubingwa wa tatu mfululizo. Mbele yake, kwa dakika mbili na nusu, aliondoka Tadej Pogačar wa Slovenia, aliyekuwa ameshinda mbio za kuzunguka Ufaransa mara nne. Katika kilima cha mwisho Evenepoel alimfikia na kumpita, watu wote wakitazama. Pogačar alimaliza wa nne, nje ya nishani. Hakuondoka Kigali kwa hasira. Alibaki, na siku saba baadaye akashinda mbio za kundi, Evenepoel akawa wa pili.

Neno kwa wanafunzi

Wanafunzi wetu wanaongoja mtihani wataelewa mbio hizi kuliko watu wengine. Chumbani mle kila mmoja huketi na karatasi yake, saa ikitembea ukutani, wala hapana mgongo wa jirani wa kujifichia. Anayetumia muda wote kwa swali la kwanza hulia katika la mwisho. Na anayefikiri kwamba kushindwa mara moja kumemfungia njia, na amkumbuke yule daktari wa Uswisi aliyesimama kando ya barabara mwaka 2023. Hakuna aliyejua siku ile kwamba njia yake ilikuwa bado yaelekea Kigali, hata yeye mwenyewe.