Kumtuliza Maksai Kabla ya Plau

Farasi ni mgeni Tarime na Serengeti, na aliyemzuia ni mdudu. Mbung'o humwambukiza nagana, ugonjwa unaomkausha damu na kumkondesha mpaka afe. Visubi, wadogo kuliko mbu, hubeba virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huweza kuua zaidi ya farasi 7 kati ya 10 wasio na kinga. Punda milia huvibeba virusi hivyo bila hata kuonekana mgonjwa, na punda milia ndio wamejaa katika Hifadhi ya Serengeti. Kwa hiyo mnyama mchanga, mwenye damu moto, anayefundishwa kustahimili kazi ndefu huku kwetu si farasi, ni maksai.

Chukua dume la miaka miwili au mitatu, lililohasiwa, lililokulia malishoni bila kujua kamba. Likifungwa nira kwa mara ya kwanza huruka, hupiga mateke, wakati mwingine hulala chini likagoma. Watu husema, "huyu ni mkali." Mimi nadhani mara nyingi ni mwoga tu, na ana sababu. Macho ya ng'ombe yako pembeni mwa kichwa, hivyo anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake. Sasa tazama tunachomfanyia: plau, mnyororo na mkulima anayepiga kelele, vyote tunaviweka pale pale asipoona. Masikio yake nayo husikia sauti nyembamba ambazo sisi hatuzisikii kabisa, na mlio wa chuma juu ya chuma unazo nyingi.

Mnyama akishtuka, adrenalini humwagika kwenye damu, moyo hukimbia, na sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli huanza kuungua kabla hata ya hatua ya kwanza ya kazi. Wanaoshindanisha farasi katika safari ndefu, zikiwamo za kilomita 160 huko Marekani na nchi za Ghuba, hulijua hili vizuri. Moyo wa farasi aliyetulia hupiga kati ya mara 28 na 44 kwa dakika. Akiogopa, unaweza kupita 100 akiwa amesimama tu. Katika vituo vya ukaguzi, kwa kawaida daktari wa mifugo hamruhusu farasi kuendelea mpaka mapigo yashuke hadi 64 ndani ya muda uliowekwa. Farasi mchanga mwenye pupa hukwama hapo ingawa miguu yake bado ina nguvu. Mkulima wa Mugumu au Sirari hana kipimo hicho, lakini dalili anaziona: pumzi za haraka, ulimi nje, mate yanayoning'inia, kinyesi kilicholainika ghafla.

Dawa ya woga ni mazoea, na mazoea yana kanuni. Ubongo huacha kukijali kitu kinachorudiwa bila kuleta madhara. Ndiyo maana dume jipya hufungwa na maksai mzee aliyeizoea kazi, kila mmoja upande wake usiobadilika, kijana akiwaongoza kwa mbele ambako wanamwona. Mwanzoni huburuta gogo, si plau. Mnyororo ulie kwanza kwa mbali, kisha karibu. Jambo linaloharibu zaidi ni kumfungua akiwa katikati ya vurugu, kwa sababu atakuwa amejifunza kwamba vurugu ndiyo ufunguo wa nira. Afunguliwe akiwa ametulia, hata kama ametembea hatua 20 tu. Fimbo haimfundishi kufuata mstari. Inaongeza kitu kimoja zaidi cha kuogopa huko nyuma asikoona.

Akishatulia, bado mwili. Moyo na misuli huimarika mapema. Kano na mifupa huchukua miezi mingi. Hapo ndipo wengi hudanganyika, wakiona dume halihemi wakadhani limekomaa. Ng'ombe wa kienyeji mwenye kilo 300 huweza kuvuta kwa muda mrefu nguvu ya takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani kilo 30 hivi, wakati plau kwenye udongo mzito inaweza kudai kilo 100. Hesabu yenyewe inadai jozi mbili.

Na kalenda yetu haimsaidii. Mvua za kwanza zinazolainisha ardhi humkuta ametoka kiangazi, nyasi zikiwa makapi matupu yasiyo na protini ya kulisha vijidudu vya tumboni mwake vinavyomsagia chakula. Mabua ya mahindi na majani ya viazi yaliyohifadhiwa, pamoja na mashudu ya pamba kidogo kwa anayeyapata, humfikisha msimuni na nyama mgongoni. Halafu kuna muda. Ng'ombe huhitaji takriban saa 8 za kula na karibu nyingine kama hizo za kucheua; kila saa anayokaa ndani ya nira inakatwa humo. Kwa msimu wa kwanza, dume lililoingia shambani saa 12 asubuhi lifunguliwe saa 2, jua halijawa kali, na maksai mzee aendelee na mwenzake mwingine.