Je, Wajua? Maji ya Kisima cha Siyu Yanaelea Juu ya Bahari

Siyu ni mji wa kale katika kisiwa cha Pate, Lamu, kilichozungukwa na maji ya chumvi. Je, maji baridi ya visima hutoka wapi?

• Ni mvua. Maji ya mvua hupenya mchanga na mawe ya matumbawe yenye matundu, kisha hutanda chini ya ardhi juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji ya chumvi.

• Kipimo chake ni 1 kwa 40. Kwa kawaida, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na mita 40 hivi za maji baridi zilizo chini ya usawa huo. Ukiteka kupita kiasi, chumvi hupanda.

• Petroli nayo huelea. Ikimwagika kutoka kwenye tangi au dumu la mafuta ya mashua, hupita upesi katika matundu hayo hadi kwenye maji, ikatanda juu yake. Petroli ina benzeni, kemikali inayosababisha saratani, ambayo huyeyuka polepole majini.

• Kidogo tu hudhuru. Shirika la Afya Duniani linashauri benzeni isizidi mikrogramu 10 katika lita 1 ya maji ya kunywa.

Basi tuweke mafuta mbali na visima, juu ya sakafu ya saruji yenye ukingo. Kuzuia ni rahisi. Kusafisha mwamba ni kazi ya miaka.